Stempu za Benadir

Stempu za Benadir ni stempu za posta ambazo Italia ilizitoa kwa ajili ya bandari za Benadir, yaani pwani ya kusini ya Somalia ya leo, kuanzia tarehe 12 Oktoba 1903. Zilikuwa stempu za kwanza za koloni lililokuja kuitwa Somalia ya Kiitalia. Zinajulikana kwa picha zake mbili, tembo na simba, na kwa kuwa thamani yake iliandikwa kwa besa na anna, si kwa fedha ya Italia.

Stempu hizo ni sehemu ya historia ya Zanzibar na ya pwani ya Waswahili. Zilipotolewa, bandari za Benadir zilikuwa bado mali ya Sultani wa Zanzibar kisheria. Italia ilikuwa mpangaji aliyelipa kodi. Hata hivyo jina la Sultani, bendera yake wala sura yake havikuonekana kwenye stempu hata moja. Kwa sababu hiyo wanahistoria na wakusanyaji huzitumia kama mfano wa jinsi dola la kikoloni lilivyoweza kutangaza umiliki kwa kipande kidogo cha karatasi kabla ya kuupata umiliki wenyewe.

Pwani ya Benadir na Zanzibar

Jina Benadir lina asili moja na neno la Kiswahili "bandari". Wote wawili wametokana na neno la Kiajemi lililoenea katika nchi zinazopakana na Bahari ya Hindi. Miji mikuu ya pwani hiyo ni Mogadishu, Marka, Barawa na Warsheikh. Wenyeji wa Barawa wana lahaja yao ya Kiswahili, Chimwini, ambayo ni mojawapo ya lahaja za kaskazini kabisa za lugha hii.

Katika karne ya 19 miji hiyo ilikuwa chini ya masultani wa Zanzibar. Sultani aliwakilishwa na liwali na kikosi kidogo cha askari. Jengo la Garesa mjini Mogadishu lilikuwa makazi ya liwali huyo. Mamlaka ya Sultani hayakwenda mbali na kuta za miji. Nchi ya ndani ilikuwa mikononi mwa Wasomali wenyewe, kama vile Usultani wa Geledi katika eneo la Afgooye na Wabimal karibu na Marka.

Mwaka 1886 mataifa ya Ulaya yalijadili mipaka ya milki ya Sultani barani. Makubaliano yalimwachia ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 kutoka Tungi, kusini, hadi Kipini, karibu na mdomo wa mto Tana. Kaskazini ya hapo aliachiwa miji ya Kismayu, Barawa, Marka na Mogadishu, kila mmoja na eneo la maili 10 kuuzunguka, pamoja na Warsheikh na eneo la maili 5. Dar es Salaam ilikuwa ndani ya ukanda huo, pamoja na sehemu kubwa ya nchi ambayo leo ni wilaya za Kinondoni na Temeke. Kwa hiyo Mogadishu na Dar es Salaam zilikuwa na mmiliki mmoja katika mapatano hayo, na zote mbili zilipotea kwake kwa njia zinazofanana.

Kutoka kodi hadi ununuzi

Mataifa matatu ya Ulaya yaliipata pwani ya Sultani kwa kuanzia na kodi:

* Ujerumani: Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ilikodi pwani ya Tanganyika ya baadaye mwaka 1888. Baada ya vita vya Abushiri, Ujerumani iliinunua kabisa kwa marki milioni 4, na umiliki ukahamia kwake tarehe 1 Januari 1891.
* Uingereza: ilikodi pwani ya Kenya ya leo na haikuinunua kamwe. Ukanda huo ulibaki mali ya Sultani kisheria hadi uhuru wa Kenya tarehe 12 Desemba 1963.
* Italia: ilikodi bandari za Benadir kwa mkataba wa tarehe 12 Agosti 1892, wakati wa Sultani Ali bin Said, na kuzinunua mwaka 1905.

Mkataba wa Italia ulikuwa wa miaka 25, na kodi iliyopatanwa ilikuwa rupia 160,000 kwa mwaka. Kismayu haikuwemo, ilibaki upande wa Waingereza. Serikali ya Italia haikutaka kuendesha bandari hizo yenyewe, hivyo ilizikabidhi kwa kampuni. Ya kwanza ilikuwa kampuni ya Vincenzo Filonardi, mfanyabiashara aliyewahi kuwa konsuli wa Italia huko Zanzibar. Kampuni hiyo ilishika utawala mwaka 1893 na kushindwa baada ya miaka mitatu tu.

Mwezi wa Novemba 1896 konsuli Antonio Cecchi alitoka Mogadishu na msafara kuelekea bara. Msafara huo ulishambuliwa usiku huko Lafole, na Cecchi akauawa pamoja na Waitalia wengi aliokuwa nao. Tukio hilo lilionyesha kwamba mkataba uliotiwa sahihi na Zanzibar haukuwa na uzito kwa watu wa bara ambao hawakuulizwa. Baadaye bandari zilikabidhiwa kwa kampuni ya pili, Kampuni ya Benadir, iliyokuwa na makao yake Milano. Stempu za mwaka 1903 zilitolewa wakati wa kampuni hiyo.

Toleo la mwaka 1903

Toleo la kwanza lilikuwa na stempu saba. Stempu za besa 1 na besa 2 zilikuwa na picha ya tembo. Stempu za anna 1, anna 2, anna 2½, anna 5 na anna 10 zilikuwa na picha ya simba. Karatasi yake ilikuwa na alama ya maji yenye umbo la taji, kama stempu za Italia yenyewe.

Fedha iliyotajwa ilikuwa ya mfumo wa Uhindi, ambao ulitumika pia Zanzibar na Mombasa. Rupia 1 ilikuwa na anna 16, na kila anna ilikuwa na besa 4. Kwa hiyo rupia 1 ilikuwa besa 64. Neno "besa" ni lile lile ambalo kwa Kiswahili limekuwa "pesa", na chanzo chake ni "paisa" ya Kihindi. Stempu za Wajerumani zilizotumika Dar es Salaam na Bagamoyo kuanzia mwaka 1893 ziliandikwa "pesa" kwa sababu hiyo hiyo. Mfalme wa Italia na Kaisari wa Ujerumani walikuwa na fedha zao, lakini karani wa posta alipaswa kuuza stempu kwa fedha aliyokuwa nayo mteja mkononi. Sokoni Barawa au Bagamoyo fedha hiyo ilikuwa rupia.

Thamani na rangi za stempu hazikuchaguliwa ovyo. Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern mwaka 1874, ulikuwa umeweka viwango vya malipo kati ya nchi na nchi: sentimi 5 kwa vitu vilivyochapishwa, sentimi 10 kwa kadi ya posta na sentimi 25 kwa barua. Mkutano wake wa Washington mwaka 1897 uliamua pia rangi: kijani kwa kiwango cha kwanza, nyekundu kwa cha pili na buluu kwa cha tatu. Kwa njia hiyo karani wa posta wa nchi yoyote aliweza kujua kwa kutazama rangi tu kama malipo yanatosha. Katika toleo la Benadir besa 2 ni ya kijani, anna 1 ni nyekundu na anna 2½ ni ya buluu. Kwa hiyo mtu aliyetaka kupeleka barua ya kawaida kutoka Mogadishu hadi Ulaya alinunua simba wa buluu.

Mambo yasiyoonekana kwenye stempu

Stempu za kikoloni za wakati huo zilipenda kuonyesha wanyama. Tembo na simba ziliwapa watu wa Ulaya picha ya nchi ya mwituni isiyo na miji wala wenyewe. Benadir haikuwa hivyo. Mogadishu na Barawa zilikuwa miji ya mawe yenye misikiti ya karne nyingi, wafumaji wa nguo na wafanyabiashara waliosafiri hadi Uarabuni, Uhindi na Zanzibar. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotokea kwenye toleo la 1903.

Jambo zito zaidi lilikuwa utumwa. Mwaka ule ule wa 1903 mpelelezi Luigi Robecchi Bricchetti alikwenda Benadir kwa niaba ya chama cha Italia cha kupinga utumwa. Aliripoti kwamba biashara na umiliki wa watumwa viliendelea katika miji iliyokuwa chini ya Kampuni ya Benadir, ingawa Italia ilikuwa imetia sahihi Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 dhidi ya biashara hiyo. Uchunguzi mwingine ulifanywa na Gustavo Chiesi na Ernesto Travelli. Taarifa hizo zilizua kashfa nchini Italia na zilichangia kuondolewa kwa kampuni.

Wengi wa watumwa hao, au wazazi wao, walikuwa wametoka katika nchi ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi: Wazigua, Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo. Baadhi ya Wazigua walitoroka utumwani na kujenga vijiji vyao kando ya mto Juba. Wajukuu wao walidumisha lugha yao, Chizigula, kwa zaidi ya karne moja. Vita vya Somalia vya miaka ya 1990 vilipowafukuza, sehemu yao walirudi Tanzania na kupewa makazi huko Chogo, wilayani Handeni, karibu na nchi ambayo mababu zao walichukuliwa. Baadaye walipewa uraia wa Tanzania. Kwa Mtanzania anayeitazama stempu ya Benadir, hao ndio jamaa wasiochorwa.

Stempu juu ya stempu: 1905–1926

Mwezi wa Januari 1905 Italia ilikubali kuzinunua bandari za Benadir kwa pauni 144,000. Zanzibar ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza tangu mwaka 1890, kwa hiyo makubaliano yalifanywa London. Tangu hapo serikali ya Italia ilitawala moja kwa moja, na mwaka 1908 koloni likapewa rasmi jina la Somalia ya Kiitalia. Wabimal wa eneo la Marka waliendelea kupinga utawala huo kwa silaha hadi mwaka 1908.

Mabadiliko ya mmiliki yalifuatwa na mabadiliko ya fedha. Kuanzia mwisho wa mwaka 1905 stempu za tembo na simba zilipigwa chapa mpya juu yake, zikiwa na thamani ya Kiitalia ya sentesimi na lira. Besa 1 ikawa sentesimi 2, anna 1 ikawa sentesimi 10, anna 2½ ikawa sentesimi 25 na anna 10 ikawa lira 1.

Hata hivyo lira haikuweza kuifukuza rupia sokoni. Wafanyabiashara waliendelea kutumia rupia, na serikali ikalazimika kutengeneza rupia yake yenyewe, iliyogawanywa katika besa 100. Mwaka 1922 stempu zile zile zilipigwa chapa mara ya pili ili kurudi kwenye besa. Hivyo kuna stempu za simba zenye thamani tatu kwa pamoja: anna 1 iliyochapwa mwanzo, sentesimi 10 za chapa ya kwanza na besa 6 za chapa ya pili. Katikati ya miaka ya 1920 rupia iliondolewa na lira ikarudi.

Stempu ya namna hiyo husomwa kama daftari la madeni. Kila mstari wa wino una tarehe yake na serikali yenye nia yake, na kila mara mstari mpya unakiri kwamba ule wa awali haukufaulu.

Jambo hili halikuwa la Benadir peke yake. Katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani pesa 64 ziliondolewa na kuwekwa heller 100 kwa rupia 1, na stempu za heller zilitolewa mwaka 1905. Waingereza walipoiteka kisiwa cha Mafia mwaka 1915 walipiga chapa zao juu ya stempu za Kijerumani walizozikuta. Baadaye, Tanganyika ilipokuwa chini ya jeshi lao, walitumia stempu za Afrika ya Mashariki na Uganda zenye herufi G.E.A. juu yake, hadi stempu za twiga zilipotolewa kwa jina la Tanganyika mwaka 1922.

Oltre Giuba

Oltre Giuba maana yake ni "ng'ambo ya Juba". Lilikuwa jina la Kiitalia la Jubaland, nchi iliyo magharibi ya mto Juba, mji wake mkuu ukiwa Kismayu. Ilikuwa sehemu ya Kenya, na barua za Kismayu zilibandikwa stempu za Kenya na Uganda.

Katika Mkataba wa London wa mwaka 1915 Italia ilikuwa imeahidiwa fidia barani Afrika kwa kuingia Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia upande wa Uingereza na Ufaransa. Ahadi hiyo ilitimizwa kwa mkataba wa tarehe 15 Julai 1924, na Jubaland ikakabidhiwa Italia mwezi wa Juni 1925. Kwa mwaka mmoja ilikuwa koloni la pekee. Stempu zake zilikuwa stempu za Italia zilizopigwa chapa ya maneno OLTRE GIUBA. Mwaka 1926 ilitolewa pia stempu yenye ramani ya nchi hiyo kuadhimisha mwaka wa kwanza wa utawala wa Italia. Tarehe 1 Julai 1926 koloni liliunganishwa na Somalia ya Kiitalia na stempu zake zikakoma.

Ramani hiyo inaeleza mambo mengi. Mpaka kati ya Kenya na Somalia ulihamishwa kwa kulipa deni la vita vya Ulaya, na watu walioishi huko hawakuwa na sauti katika jambo hilo.

Wakati wa ufashisti

Benito Mussolini alishika madaraka nchini Italia mwaka 1922. Makoloni yakawa sehemu ya propaganda yake, na idadi ya stempu ikaongezeka haraka. Mengi ya matoleo ya miaka hiyo yaliadhimisha mambo ya Italia, kama vile matembezi ya wafashisti kwenda Roma, na yalinunuliwa zaidi na wakusanyaji wa Ulaya kuliko na waandishi wa barua wa Mogadishu.

Toleo la picha la mwaka 1932 lilikuwa na mada za Somalia yenyewe: mnara wa taa wa rasi ya Guardafui, jumba la gavana mjini Mogadishu, kichuguu, kiboko, simba na nyinginezo. Mojawapo inaonyesha mnara wa kale ambao katalogi za stempu huuita Mnara Ciromo. Hivyo neno la Kiswahili, "mnara", limo katika katalogi za stempu za Kiitalia.

Italia iliivamia Ethiopia mwezi wa Oktoba 1935. Mwaka uliofuata Ethiopia, Eritrea na Somalia ziliunganishwa kuwa Afrika ya Mashariki ya Kiitalia, ambayo ilipata stempu zake mwaka 1938. Mojawapo ya matoleo yake ya mwisho, la mwaka 1941, lilionyesha Hitler na Mussolini pamoja. Mwaka huo huo eneo lote lilitekwa, kwa hiyo stempu hizo hazikuwa na maisha marefu katika nchi zilizotajwa juu yake.

Vita na herufi E.A.F.

Majeshi yaliyoingia Somalia kutoka Kenya yalikuwa na askari kutoka sehemu nyingi za Afrika, wakiwemo askari wa King's African Rifles waliotoka Kenya, Uganda, Nyasaland na Tanganyika. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri na ya kambini kwa wengi wao. Kismayu ilitekwa tarehe 14 Februari 1941 na Mogadishu tarehe 25 Februari 1941.

Waingereza walipoanza kuendesha posta ya Somalia, walitumia stempu za Uingereza zenye sura ya Mfalme George VI. Kuanzia mwaka 1943 zilipigwa chapa ya herufi E.A.F., yaani majeshi ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 1948 chapa ilibadilishwa kuwa B.M.A. SOMALIA, kuonyesha utawala wa kijeshi wa Kiingereza, na mwanzoni mwa mwaka 1950 ikawa B.A. SOMALIA. Katika chapa hizo mbili thamani iliandikwa kwa senti na shilingi, fedha ile ile iliyotumika wakati huo Nairobi, Kampala na Dar es Salaam.

Barua za askari wenyewe zilipita katika ofisi za posta za jeshi zilizotumia mihuri yenye namba badala ya jina la mji, ili adui asijue kikosi kilipo. Nyingi zina pia alama ya mkaguzi aliyezifungua na kuzisoma.

Udhamini na uhuru

Tarehe 1 Aprili 1950 Italia ilirudi Somalia, safari hii ikiwa mdhamini kwa niaba ya Umoja wa Mataifa kwa muda wa miaka 10. Tanganyika nayo ilikuwa eneo la udhamini, chini ya Uingereza. Tofauti ilikuwa kwamba Somalia ilipewa tarehe ya mwisho tangu mwanzo, na Tanganyika haikupewa. Fedha mpya ya Somalia iliitwa somalo na ilikuwa na thamani sawa na shilingi ya Afrika Mashariki.

Somaliland ya Kiingereza ilipata uhuru tarehe 26 Juni 1960. Tarehe 1 Julai 1960 iliungana na Somalia iliyokuwa chini ya Italia kuwa Jamhuri ya Somalia. Tukio la tarehe 26 Juni liliadhimishwa, kwa mara nyingine, kwa kupiga chapa juu ya stempu zilizokuwepo. Safari hii chapa ilitangaza uhuru.

Kukusanya stempu hizi

Stempu za makoloni ya Italia hukusanywa duniani kote, hasa Italia. Nchini Tanzania wakusanyaji si wengi, lakini stempu za kikoloni za Afrika Mashariki hupatikana bado kwenye barua za zamani zilizohifadhiwa na familia, shule na misheni. Anayetaka kujifunza kutokana nazo anashauriwa kuangalia mambo yafuatayo:

* Jina la nchi. Linaonyesha nani alidai kutawala, si lazima nani alikuwa na mamlaka kweli.
* Fedha. Besa, anna, heller, senti na lira husaidia kujua kipindi na uhusiano wa biashara.
* Chapa ya juu. Inaonyesha mabadiliko ya serikali, ya fedha au upungufu wa stempu.
* Muhuri wa posta. Una jina la mji na tarehe, kwa hiyo unathibitisha kwamba stempu ilitumika kweli, wapi na lini.
* Picha. Inafaa kuuliza imeonyesha nini na imeficha nini.

Bahasha nzima ina habari nyingi kuliko stempu iliyobanduliwa. Juu yake kuna mwandikiwa, namba ya sanduku la posta, njia iliyopitia na mihuri ya miji ya katikati. Katika Tanzania, ambako barua kwa kawaida hupokelewa kwa S.L.P. badala ya kuletwa mlangoni, sanduku moja liliweza kutumiwa na ofisi, shule au ukoo mzima. Kwa sababu hiyo bahasha za zamani zinaweza kuonyesha nani alihusiana na nani. Kuibandua au kuikata stempu ni kuupoteza ushahidi huo.

Tahadhari inahitajika wakati wa kununua. Chapa za juu ni rahisi kughushi, kwa kuwa mghushi huhitaji stempu halisi ya bei ndogo na wino tu. Mihuri ya posta nayo hughushiwa, hasa kwa stempu ambazo ni nafuu zikiwa mpya na ghali zikiwa zimetumika. Matoleo mengi ya wakati wa ufashisti yaliuzwa moja kwa moja kwa wakusanyaji. Stempu safi ya mwaka 1934, kwa mfano, huenda haikufika Somalia hata siku moja.

Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam adui mkubwa wa stempu ni joto na unyevu. Gundi ya nyuma hulainika na stempu zikanatana, na karatasi hupata madoa ya kahawia. Stempu hushikwa kwa kibanio badala ya vidole, huwekwa katika albamu au bahasha za karatasi isiyo na asidi, na albamu husimamishwa wima mahali pakavu penye hewa, mbali na mende na mchwa. Barua za zamani zilizofungiwa ndani ya sanduku la bati zinafaa kutolewa na kukaguliwa mara kwa mara, kwa kuwa barua ikishaliwa na mchwa, anwani, muhuri na tarehe hupotea pamoja nayo.